Nilivyopatana Bei na Punda

Nimeaibika leo. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjamsikia Lubega, jirani yangu, kwa sababu Lubega anaendesha bodaboda na habari zake zinasafiri kuliko abiria wake.

Wanaonijua wanajua. Mimi ni Wafula wa viatu vya mitumba, Mkenya, mpangaji wa Bwaise, hapa Kampala. Kiatu nakigeuza mara mbili kabla sijataja bei. Chenji naihesabu mbele ya aliyenipa, kisha naihesabu tena nikishapiga kona. (Si ubahili. Ni uangalifu. Bahili hahesabu mara ya pili, anaogopa noti zitachakaa.)

Sasa, leo Mama alikuwa anakuja kwangu. Si mama yangu. Mama yake Furaha. Furaha ni mchumba wangu, msusi, mtoto wa Bukavu, Kongo, na ndiye kitu pekee Kampala nzima ambacho sikuomba kipunguzwe. Mama yake anaishi Katwe, na kwenye suala la mahari alishataja mbuzi kumi. Mimi nikasema ninao watano. Nikaapa. Nikaweka na mkono kifuani.

Mbuzi wangu wanafugwa na rafiki yangu huko Matugga, na idadi yao ni siri kati yangu, rafiki yangu na mbuzi wenyewe. (Tena si uongo. Ni bei ya kuanzia. Watu wa soko mtanielewa.)

Mama hakubisha. Alisema tu atakuja kuona nyumba, akae, atazame ninavyoishi, halafu atoe jibu. Ama anakubali watano, ama Furaha anabaki kwao. Jibu lilikuwa la leo.

"Mama ameambiwa una mkono wa birika," Furaha alinionya. "Leo usihesabu kitu mbele yake. Hata vidole."

"Sasa nifanye nini?"

"Uwe mkarimu. Anakuja na watoto watatu wa dada yangu. Tafuta ile filamu ya punda, wameisikia shuleni hawalali. Lakini iwe ya Kiswahili, Mama naye afuate."

Mama hajui Kiingereza, Kiganda anajua cha kununulia nyanya tu. Filamu ya familia, ya mnyama, kwa Kiswahili, kwa heshima. Nikaona hiyo ni kazi ndogo. Nikaenda kwa Nalongo.

Nalongo ana duka la filamu hapo karibu na barabara ya Bombo. Siku hizi watu wanampa flashi, anawajazia, wanaondoka. Mimi nilitaka diski. Ndani ya kasha. Kasha lenye picha. Flashi haina heshima. Huwezi kumshikisha mama mkwe flashi ukamwambia, "Tazama nilivyojitolea."

"Nalongo, nipe ile ya punda."

"Iko, ssebo," akaniita bwana kwa Kiganda. "Original kabisa."

Akanipa kasha. Jamani, kasha lilikuwa zuri kuliko pasipoti yangu. Mbele, punda anatabasamu kwa meno yote, kando yake msichana mdogo na mbwa. Nyuma, maneno mengi: picha imesafishwa upya, sauti inazunguka chumba kizima, na mwishoni kuna nyongeza ya namna punda alivyofundishwa kuigiza. Nikafungua. Ndani kulikuwa na diski nyeupe, imeandikwa kwa kalamu: PUNDA.

"Nalongo. Hii ndiyo original?"

"Kasha ni original."

"Na diski?"

"Diski ni rafiki yake."

Nikamuuliza kama ni ya kamera. Kwa wasiojua, ya kamera ni ile ambayo mtu ameingia sinema na kamera yake akarekodi skrini, kwa hiyo unatazama filamu pamoja na kisogo cha aliyekaa mbele. Niliwahi kununua moja ya simba. Kisogo kiliigiza vizuri kuliko simba.

"Hiyo siyo kamera," Nalongo akasema. "Hiyo safi. Mpaka kwato unaona."

Nikaipuliza. Nikaiinamisha kwenye mwanga. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja, mwembamba, kama paka ameipitishia ukucha mmoja kwa heshima. Mtu wa kawaida angeirudisha. Mimi nilifurahi. Mkwaruzo ni hoja.

"Imekwaruzwa. Punguza."

"Huo mkwaruzo hausemi kitu, ssebo."

"Punguza."

Hapo ndipo Nalongo alipovuta pumzi akaniuliza nataka tafsiri ya nani. Mjue kwamba hapa Kampala filamu haiachwi iongee yenyewe. Kuna mtu, tunamwita viijei, anakaa na maikrofoni na kutafsiri juu ya sauti za waigizaji. Peke yake. Wanaume yeye, wanawake yeye, watoto yeye, mbuzi na kuku yeye. Akichoka kutafsiri anaweka maoni yake. Wengi wanatafsiri kwa Kiganda. Za Kiswahili Nalongo alikuwa nazo mbili: moja ya mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kubembeleza, na bei yake ilikuwa ya mtu aliyevaa tai. Nyingine, hii yenye mkwaruzo, ilikuwa ya Afande.

"Afande ni nani?"

"Alikuwa jeshini miaka mingi. Sasa amepumzika, anatafsiri filamu. Kiswahili chake ni cha kweli, ssebo. Cha serikali."

Niliposikia "cha serikali" nikaona nimepata mali. (Akili yangu yote ilikuwa kwenye bei. Nilimwangusha Nalongo bei mara mbili, na mara ya pili aliguna.)

Desturi ya duka ni kujaribishiwa kabla ya kulipa. Akaiweka kwenye mashine. Milima. Muziki laini. Punda anakula majani, upepo unampuliza manyoya. Hakuna mtu aliyesema neno. Nikamwambia airudishe mwanzo nitazame tena. Milima, muziki, punda, upepo. Safi mara zote mbili. Nikalipa nikaondoka nikipiga mluzi.

Mchana ikanyesha. Bwaise ikinyesha, mnajua. Uchochoro wa nyuma ya nyumba yangu ukawa uji. Hata hivyo nilivaa shati jeupe, lile la harusi za wengine. Nikaazima spika kubwa ya kinyozi. Chumba changu ni kidogo, spika haikuwa na pa kukaa, nikaisimamisha dirishani, uso wake umeelekea uchochoroni kidogo. Nikaona hivyo ni vizuri, majirani nao wasikie kuwa leo kwa Wafula kuna mambo.

Mama akafika. Mrefu, kitenge cha kijani, mkoba ameukumbatia. Nyuma yake watoto watatu wamepakwa mafuta wanang'aa. Hakukaa mara moja. Alitazama ukuta, akatazama dari, akatazama jiko, akanitazama mimi. Nikajihisi kama kiatu cha mtumba.

"Karibu sana, Mama. Jisikie nyumbani."

"Aksanti. Nyumba iko safi." Akapitisha kidole juu ya televisheni, akakiangalia kidole. "Karibu safi."

Nikamkabidhi kasha kwa mikono miwili. Akaisoma picha yake taratibu.

"Hii yote weye njo ulinunua kwa ajili yetu?" (Kwa watu wa Bukavu "njo" ni "ndiyo".)

"Kwa ajili yenu, Mama. Sikuuliza hata bei."

Furaha akakohoa.

Nikawasha. Milima ikaja. Lakini televisheni yangu siyo ya Nalongo. Kwenye ya Nalongo milima ilikuwa ya bluu. Kwangu ilikuwa zambarau. Punda akatokea, akiwa wa kijani, na mrefu ajabu, kichwa ukuta huu na mkia ukuta ule, kama basi lenye masikio. Watoto wakasogea nyuma.

"Hii ni punda?" Mama akauliza.

"Ni punda, Mama. Wa Ulaya."

"Na mbwa ya kwenye kasha?"

"Anakuja mbele." (Nimeitazama filamu hadi mwisho. Hakuna mbwa. Nadhani aliuzwa kando.)

Muziki laini ukaendelea. Hapo Furaha akanivuta sikio kwa macho, kama anavyojua yeye. Soda! Nilikuwa nimesahau soda. Mgeni wa kwanza, mama mkwe, na midomo imekauka. Nikamwambia Mama narudi sasa hivi, nikatoka mbio.

Ningerudi sasa hivi kweli. Tatizo ni kwamba mwenye duka alitaka niache rehani ya chupa. Mimi ni jirani yake, nyumba yangu anaiona kutoka kaunta. Tukabishana. Nikamwambia achague chupa au urafiki. Akachagua chupa. Nikaacha saa yangu. Mabishano yalichukua muda, na huo ndio muda ambao ndani ya nyumba yangu punda alianza kuongea.

Nikapita njia ya mkato, uchochoro wa nyuma, kreti begani. Nikamkuta Lubega. Alikuwa ameacha kuosha pikipiki yake katikati, povu linateremka kwenye tangi, na yeye mwenyewe amesimama ametazama ukuta. Mikono juu. Katika mkono mmoja bado ameshika sponji.

"Lubega, vipi?"

"Usigeuke," akanong'ona. Midomo yake haikusogea. "Operesheni. Wako ndani kwako."

"Nani?"

"WEWE! SIMAMA HAPO HAPO!"

Ndugu zangu. Mimi Kiswahili ni lugha niliyonyweshwa pamoja na uji. Nimebembelezwa kwacho, nimetongozea kwacho. Lakini hapa Kampala ukiitwa kwa Kiganda unauziwa kitu, ukiitwa kwa Kiingereza unajazishwa fomu, na ukiitwa kwa Kiswahili, ambacho hapa ni lugha ya wanajeshi, kwa sauti ya namna ile, huulizi anayekuita ni nani. Unakumbuka tu mara ya mwisho ulipoona kitambulisho chako. Cha kwangu kilikuwa kwa mtu wa fotokopi.

Nikasimama hapo hapo.

"UNABEBA NINI?"

"Soda, afande."

"WEKA CHINI!"

Nikaweka. Kreti likazama.

"LALA! LALA CHINI! HARAKA!"

Nikalala. Shati jeupe, matope ya Bwaise, haraka kama alivyoagiza. Nadhani hata kabla hajamaliza neno. Lubega naye akalala, bado na sponji. Kutoka ndani nikasikia watoto wanapiga kelele, wote watatu. (Walikuwa wanacheka. Mtu akiwa amelala kwenye matope hawezi kutofautisha.)

"NANI ALIKUTUMA HAPA?"

"Furaha, afande."

Ndiyo. Swali la kwanza la maana, nimemtaja mchumba wangu. Sikupigwa hata kofi. Nalisema mapema ili Lubega asilifanye kuwa habari.

Basi nikawaza. Mama yuko ndani. Furaha yuko ndani. Watoto. Mtu mzima nimelala kama mkeka, na kitu pekee ninachokiweza duniani ni kupatana bei. Kila kitu kina bei, na kila mwenye sauti kubwa ana bei ndogo, hilo nimejifunza sokoni. Nikainua kidevu kidogo kutoka kwenye tope.

"Afande, tuelewane. Hao walioko ndani ni wageni wangu. Ni mama wa watu na watoto wadogo, hawana kosa. Waache watoke. Mimi nina mbuzi."

"Mbuzi?" Lubega akanong'ona pembeni yangu. "Unampa askari mbuzi?"

"Nyamaza, niachie. Afande, nina mbuzi watano!"

Kisha:

"ONGEZA!"

Nikajua tumeingia sokoni. Mtu akisema ongeza, amekubali kuuza.

"Sita, afande. Wa sita ni mgonjwa kidogo lakini anasimama."

"ONGEZA!"

Sauti ile ile. Haikupanda wala kushuka. Nimepatana na Wachina, nimepatana na wake wa wachungaji, nimepatana na mtu aliyekuwa akiniuzia kiatu changu mwenyewe. Sijawahi kukutana na mtu anayepatana namna ile. Hakulalamika. Hakutaja watoto wake. Hakujifanya anaondoka.

"Nane!"

"ONGEZA!"

"Kumi, afande! Kumi ni wengi!"

"ONGEZA! ONGEZA! ONGEZA!"

Hakuvuta hata pumzi. Mimi ndiye niliyeishiwa.

"Kumi na wawili! Basi! Ndio wote! Piga simu Matugga uulize! Watano ilikuwa ya mama mkwe tu!"

"ONGEZA!"

"Na beberu! Chukua na beberu, afande! Huyo hata Furaha hamjui!"

Kimya.

Si kimya cha kufikiri. Kimya cha mtu aliyebonyeza kitufe. Pazia likasogea, spika ikasukumwa kando, na kichwa cha Mama kikatokea dirishani, kitenge cha kijani na macho mawili makavu.

"Wafula," akasema, taratibu, kama anayemwamsha mtoto. "Inuka. Ni punda."

Sikuelewa. Nikaendelea kulala, kwa tahadhari.

"Njo punda, mutoto. Alikuwa anaomba majani."

Nikainuka. Lubega naye akainuka, akakamua sponji, akasema, "Mimi nilijua. Nilikuwa nakusindikiza tu." Lakini mkono mmoja ulikuwa bado juu.

Nikaingia ndani na kreti, natonesha tope sakafuni mwangu. Nikaona kwa macho yangu. Kwenye televisheni yule punda wa kijani amesimama mdomo wazi, ameganda. Mbele yake msichana ameshika fungu la majani. Diski ilikuwa imefika kwenye ule mkwaruzo, ule usiosema kitu, ikanasa. Kabla ya hapo, Furaha aliniambia baadaye, punda alikuwa analinda ghala na kumkamata mbweha anayeiba karoti. Afande hakuona sababu ya kuwatofautisha punda na mlinzi wa kizuizi cha barabarani. Mbweha akasimamishwa, akakaguliwa, akalazwa chini. Kisha punda akapewa majani kama zawadi, akataka mengine. Ongeza. Diski ikakwama hapo.

Na filamu ikishakwama, chumba kizima kinanyamaza. Kwa hiyo katikati ya kila ongeza na ongeza, kitu pekee kilichosikika nyumbani kwangu kilikuwa sauti yangu, kutoka matopeni, ikipandisha mahari.

Waliisikia yote. Wa sita mgonjwa. Matugga. Ya mama mkwe tu. Beberu.

Mtoto mdogo kuliko wote akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akamgeukia dada yake. "Ongeza," akamwambia. Wakaanguka kwa kicheko.

Furaha hakucheka. Furaha alikuwa ameuma kitambaa cha meza.

"Kaa," Mama akaniambia.

Nikakaa. Akamwambia Furaha aitelezeshe filamu mbele kidogo, ipite pale ilipokwama. Tukaitazama yote hadi mwisho, mimi nikikauka kwenye stuli na kupasuka taratibu kama ukuta mbaya. Ubora wake nitawaambia, kwa kuwa nimelipia. Sauti ilikuwa inatangulia midomo, mtu anajibu kabla hajaulizwa. Sauti ya kuzunguka chumba haikuzunguka popote, ilikuwa inakuja moja kwa moja kifuani. Na Afande ana sauti moja tu. Msichana akamkumbatia punda shingoni, machozi yanamtoka, akamnong'oneza: "MIMI NAKUPENDA SANA! RUDI KWA MSTARI!" Bibi yake akawa kitandani, anaaga dunia, mshumaa unawaka, akashika mkono wa mjukuu: "NAKUFA SASA! NIMESEMA!" Akafa kwa utii.

Hapo Mama alicheka. Alicheka mpaka akavua kilemba akajifutia macho. Nikathubutu kucheka kidogo. Akaacha kucheka. Nikaacha.

Filamu ilipoisha (punda alirudi nyumbani, mkitaka kujua, tena kwa mwendo wa gwaride), Mama akawatuma watoto nje wakacheze. Akanywa soda yake yote kwanza. Akaiweka chupa chini.

"Mi nilisikia ile sauti pale mwanzo," akasema, "nikashika batoto, nikaangalia mlango uko wapi. Kabla ya kuangalia televisheni. Miaka yangu yote naangalia mlango kwanza. Halafu nikaona ni punda."

Nikautazama mlango na mimi. Hilo nalo ni jambo jipya kwangu.

"Na weye ulikuwa nje. Njia ilikuwa wazi. Hukukimbia."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. (Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshalala, na mtu hakimbii akiwa amelala. Lakini sikuulizwa.)

"Ulitoa kila kitu ili sisi tutoke. Ulidanganya, ndiyo. Ulinidanganya mimi, ukasema ukweli kwa punda. Lakini ulitoa. Nimekubali."

Furaha akashika mdomo. Mimi nilipaswa kupiga magoti, kushukuru, kulia kidogo. Nawaombeni mnielewe, ni mazoea ya kazi. Mdomo ulijiendea wenyewe.

"Kwa wale watano, Mama?"

Furaha akanipiga teke ambalo hadi sasa nalisikia.

"Kumi na wawili," Mama akasema. "Na beberu. Yule mgonjwa umtibu kwanza."

"Sawa, Mama."

"Bado iko kitu kimoja." Akalichukua lile kasha, akaligeuza, akatafuta jina la mtu ambalo halikuandikwa popote. "Siku ya mazungumzo, kila upande unaweka musemaji. Weye utakuja na bajomba zako, banaume ya kuongea, nimekuona sasa hivi unavyoongea. Sisi hatuna mutu. Kaka zangu wamebaki Bukavu, wengine chini ya udongo. Nilikuwa nalala najiuliza, nani atasimama kwa ajili ya Furaha? Mi mwanamuke, kilemba, mkoba. Batanisikiliza?"

Akaligonga kasha kwa kidole.

"Sauti kama hii, Wafula, maisha yangu yote ilikuwa upande ule mwingine. Mara moja tu nataka iwe upande wangu. Huyu mutu wa punda, unitafutie."

Sasa mnielewe nilivyokuwa. Nimepakwa matope hadi kwenye nyusi, na natumwa kumtafuta mtu atakayenifokea mbele ya wajomba zangu. Nikaenda. Nilipomtaja Afande, Nalongo hakuuliza kitu, alinionyesha tu mlango wa nyuma. Nilitegemea jitu. Nikamkuta Afande mwenyewe, mzee mfupi, miwani, sweta, anapoza chai ya maziwa kwa kuimimina kikombe hiki na kile. Bila maikrofoni anaongea polepole mpaka unamsogelea. Nikamweleza yote. Alisikiliza. Nilipofika kwa kaka waliobaki Bukavu aliacha kumimina chai.

"Mwambie mama nitakuja," akasema. "Hakuna malipo."

Nikamkumbusha kuwa ni mbali. Nikamkumbusha kuwa ni siku nzima. Nikamwambia mtu wa kipaji chake hapaswi kufanya kazi bure, ataharibu soko. Nilipandisha bei yake mara tatu nikitumaini tutashindwana. Hakukubali hata shilingi. Ndiyo mara ya kwanza maishani nimepewa kitu bure nikahuzunika.

Mazungumzo ni Jumamosi. Wajomba wangu wanatoka Bungoma, wanajiamini sana, na sijawaambia chochote. Shati nimelifua, limebaki na ramani kifuani. Msicheke, tafadhali, niko katikati ya kazi: tangu jioni nafanya mazoezi ya kupatana bei nikiwa nimesimama.